Barua kwa mwanangu anayetaka kuhama kozi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho usiku, nyumba ikiwa imetulia. Unasema uliingia sayansi ya mazingira kwa kupenda misitu, na sasa muhula unakaribia kwisha hujapelekwa kuona hata mti mmoja. Ni kemia, takwimu, halafu kemia tena. Unaniuliza: "Mama, nimekosea kozi? Nihame mapema?"

Usihame. Ungeniambia moyo wako uko kwenye sheria au uchoraji, ningekuelewa. Lakini hayo unayoyakimbia ndiyo yatakayokuwezesha kuitetea misitu mbele ya mtu asiyeipenda.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa mgeni kazini, samaki walikufa kwenye mto mmoja, wakaelea matumbo juu. Wakazi wa kando ya mto walilalamikia maji machafu ya kiwanda kilichokuwa upande wa juu wa mto. Nikatumwa kupima. Nilifika saa saba mchana, jua la utosi, nikapata oksijeni iliyoyeyuka ya miligramu 11 kwa lita. Maji safi yenye joto la nyuzi 25 hushika kama 8 tu. Nikaandika kwamba oksijeni ni ya kutosha, nikatia saini. Wale watu wakaambiwa wanazusha, na kilichotumika kuwanyamazisha ni karatasi yangu.

Fundi mmoja mzee wa maabara aliisoma ile ripoti, akaniuliza swali moja: "Ulipima saa ngapi?"

Maji yale yalikuwa ya kijani, mwani, vile vimelea vya kijani vya majini, umestawi kwa virutubisho vya maji machafu. Mchana mwani hutengeneza oksijeni nyingi kwa nguvu ya jua. Usiku hautengenezi chochote, unavuta tu, na bakteria wanaoozesha mabaki wanavuta pia. Ikifika alfajiri samaki hawana cha kupumua. Mimi nilipima saa ambayo mto ulionekana mzima kuliko wakati wowote.

Tukarudi saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi. Chupa unaizamisha polepole, unaijaza hadi pomoni bila kuacha hata kipovu, maana kipovu ni oksijeni ya hewani. Papo hapo unatia chumvi ya manganizi na myeyuko wa iodidi wenye alkali. Oksijeni ikiwepo, chini ya chupa hutuama mashapo ya kahawia kama kutu. Isipokuwepo, mashapo hubaki meupe. Nilishika chupa ile mbele ya tochi: mashapo yalikuwa karibu meupe. Kule maabara tulitia asidi, tukaongeza wanga, myeyuko ukawa buluu, nikadondosha thiosalfeti, kemikali inayoifuta buluu hiyo, tone kwa tone kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za vipimo. Oksijeni ikiwa chache, matone machache yanatosha, na buluu ikapotea kabla sijazoea kuifungua bureti. Hata miligramu 2 haikufika. Nililia, mwanangu, kwa ajili ya wale watu niliokuwa nimewaponza.

Hiyo ndiyo kemia unayoiona kavu. Na takwimu ilifuata mara moja, kwa sababu alfajiri moja haithibitishi kitu. Mtu angesema ni bahati mbaya ya siku ile. Tulikwenda alfajiri nyingi, tukapima mtoni kabla ya maji kufika kwenye mfereji wa kiwanda na baada ya kuupita, tukalinganisha. Kazi ilikuwa kuonyesha kwamba tofauti ya sehemu hizo mbili ni kubwa kuliko mabadiliko ya kawaida ya mto. Hapo ndipo walalamikaji walipoitwa tena na kusikilizwa.

Sasa turudi kwenye misitu yako. Mwaka 1958 mkemia Charles David Keeling alianza kupima kaboni dioksaidi kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Alipata kama sehemu 315 kwa milioni. Leo zimepita 420. Mchoro wake wengi wanautazama kwa kule kupanda tu. Utazame tena taratibu. Kila mwaka mstari unafika kileleni mwezi Mei, kisha unashuka hadi karibu Septemba, kwa sababu mimea ya kaskazini mwa dunia iko kwenye msimu wa kukua na inavuta kaboni hewani. Baadaye majani yanaoza, mstari unapanda tena. Yale mawimbi madogo ni pumzi ya misitu. Yameonekana kwa sababu kuna mtu alipima kwa uangalifu, siku baada ya siku, na hakukata tamaa hata fedha za kazi hiyo zilipokatwa mwaka 1964 na vipimo vikasimama kwa miezi michache. Alifariki mwaka 2005, na mwanawe Ralph anaendelea kupima. Hilo la mwisho hunigusa kila ninapolikumbuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwendee mhadhiri wa takwimu ofisini kwake, umwombe data halisi ya miti: vipimo vya vigogo, idadi ya miche kwenye kila kiwanja. Mazoezi yako yafanye kwa hiyo data badala ya sarafu na kete za kwenye kitabu. Pia msitu usiusubiri mwaka wa pili. Jumamosi tafuta mti mmoja, upime mzingo wake kwa kamba, mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye daftari uandike tarehe, saa na hali ya hewa. Saa usiisahau kamwe.

Ukifanya jaribio la oksijeni, niandikie siku hiyo hiyo. Nataka kujua mashapo yako yalikuwa na rangi gani.

Mama yako