Kabla hujalipia kozi ya biashara mtandaoni, tazama mwalimu anakula wapi

Nikikutana na kozi ya kuanzisha biashara mtandaoni, kitu cha kwanza ninachotafuta ni chanzo cha pesa ya mwalimu. Anayeendesha kampuni yake na kufundisha pembeni ana wateja wanaomsahihisha: akikosea bei, wanahama. Ambaye biashara yake pekee ni kuuza kozi za biashara hana wa kumsahihisha. Ukurasa wake utaujua kwa picha za mapato na ile saa inayohesabu dakika za punguzo kuisha. Ufungue tena kesho. Mara nyingi utaikuta saa imeanza upya.

Lakini hata mwalimu mkweli anaweza kukufundisha njia isiyo yako, na hapa ndipo sisi tunaojitegemea, tunaoendesha biashara bila pesa ya mwekezaji, tunapopotea zaidi. Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika kampuni changa, iliyoanzishwa mwaka 2005, inatoa masomo ya Startup School bure. Mihadhara ya darasa la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2014, lililoongozwa na Sam Altman, aliyekuwa rais wa Y Combinator wakati huo, nayo iliwekwa mtandaoni bila malipo. Ni mali hasa, na sehemu zinazohusu kuzungumza na wateja huwa nazirudia. Ila wengi wanaozungumza humo wametoka katika ulimwengu wa wawekezaji. Mwekezaji huweka pesa katika kampuni nyingi akijua kwamba nyingi zitakufa, na chache zitakazopaa zitafidia hasara yote. Kwake, kukimbilia ukuaji na kuacha faida isubiri ni hesabu inayolipa. Wewe una kampuni moja tu, na ikifa imekwenda na akiba yako.

Kwa hiyo masomo hayo nayachambua. La kuandaa wasilisho la wawekezaji naliruka bila kujutia. La kupanga bei, la kuuza mwenyewe bila kuajiri muuzaji, la kuwafanya wateja wabaki, hayo nayasikiliza hadi mwisho nikiandika.

Upande wa pili kuna tovuti ya Indie Hackers, iliyoanzishwa na Courtland Allen mwaka 2016, yenye mahojiano na waanzilishi ambao wengi wao walijiendesha bila mwekezaji. Hapo unawasikia watu wa hali yako. Tatizo ni kwamba wanaohojiwa zaidi ni waliofanikiwa, na waliofanya yaleyale wakafunga hatuwasikii sana. Mimi huenda moja kwa moja pale mtu anapoeleza alivyowapata wateja wake kumi wa kwanza. Akisema habari zilienea zenyewe, nafunga na kuendelea na kazi.

Kozi ya kulipia naipima kwa somo la katikati, kama linaruhusiwa kutazamwa. La kwanza kila mtu huliandaa vizuri. Katikati ndiko maji yanapoongezwa kwenye mchuzi. Kisha natazama mazoezi. "Tafakari kuhusu soko lako" si zoezi. Zoezi ni kama hili: tafuta watu watano wanaolipia sasa hivi kitu cha kutatua tatizo hilo, waulize wanalipa kiasi gani na walijaribu nini kabla yake. Ukiona swali la namna hiyo, aliyeliandika amewahi kukaa mbele ya mteja. Kwenye maoni ya wanafunzi, ya nyota tatu ndiyo yenye habari, kwa kuwa ya nyota tano mengi ni shangwe na ya nyota moja ni hasira. Soma pia masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipa. Udemy, tovuti inayouza kozi za walimu mbalimbali, kwa mfano, huruhusu kuomba marejesho ndani ya siku 30 kwa kozi nyingi.

Tarehe nayo ina uzito, ingawa si kwa kila somo. Kozi ya matangazo ya mitandao ya kijamii huchacha haraka, maana vitufe na kanuni hubadilika kila mara. Kusoma mizania (hesabu ya mali na madeni ya biashara) na mtiririko wa fedha ni kulekule, hata video ikiwa ya zamani.

Vyeti sivijali. Sijawahi kuulizwa cheti na mteja.

Kodi, usajili wa kampuni na mikataba ya ajira ndivyo vitu nisivyojifunza kwenye kozi ya kimataifa, hata iwe nzuri vipi, kwa sababu sheria zake mara nyingi ni za nchi ya mwalimu. Pesa ya kozi hiyo naona afadhali impate mhasibu wa nchini kwako kwa saa moja, ukiwa umeandika maswali yako kabla ya kwenda.