Mdachi wa Bibi na "Dutch" ya Mtihani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita aliulizwa Mholanzi anaitwaje kwa Kiingereza. Alikumbuka ramani imeandikwa Netherlands, akajibu "Netherlandian". Akakosa, jibu lilikuwa "Dutch". Bibi yake kusikia hivyo akasema Mdachi ni Mjerumani, si Mholanzi. Nani kakosea?
Mama wa mwanafunzi, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi hajakosea, na nakuomba umwambie leo leo.

Zamani Waingereza walimwita "Dutch" mtu yeyote wa ng'ambo ya bahari yao mwenye lugha ya jamii ya Kijerumani, awe wa Amsterdam au wa Cologne. Asili yake ni neno la kale la "watu": lugha ya watu wa kawaida, si Kilatini cha wasomi. Wajerumani wanalo hadi leo, hujiita "Deutsche". Lakini Waholanzi ndio waliokuwa jirani wa Waingereza, wakifanya nao biashara na kupigana nao baharini, na kufikia karne ya 17 jina likawaganda wao. Wenyewe hujiita "Nederlanders".

Sisi wa Mrima, pwani hii yetu, neno "Mdachi" tulilipata kwa Wajerumani wenyewe. Hemedi el-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vya 1888 na 1889, vita vilivyopiganwa hapo hapo kwenu Pangani, aliuita wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Babu yangu pia alisema "wakati wa Mdachi" hadi anaingia kaburini.

Mtoto naye namtetea. Amezoea Uholanzi, Mholanzi, Kiholanzi: mzizi haubanduki. Kiingereza hakina utaratibu huo, na ningekuwa mimi nasahihisha ningempa nusu alama kwa kufikiri. Sasa akariri hivi: taifa zima ni "the Dutch", mwanamume mmoja "a Dutchman", mwanamke "a Dutchwoman". Asiandike "a Dutch" kwa maana ya mtu mmoja. Wafaransa wako vivyo hivyo: "the French", "a Frenchman". Mjerumani ni mwepesi, "a German", wakiwa wengi "Germans".

Daftarini apange nchi, mtu na lugha kwenye mstari mmoja. Na yote hayo yaanze kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi. Hapo ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakipoteza alama kila muhula.