Msianze na mhadhara

Dada, umeuliza mtawakalishaje pamoja wachoraji na walimu wa sayansi hapo Moshi bila kikao kugeuka mhadhara. Mgeni rasmi achaneni naye kabisa. Anzeni na kisa chenye ubishi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alichekwa! Makala yake na mwanafizikia Denis Osborne kuhusu jambo hilo ilitoka 1969, wakati huo Mpemba akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu yenu tu. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama kweli cha moto huweza kuganda kabla ya cha baridi. Mchoraji aulize kwanza, mwalimu asubiri. Na muwe wachache, wapole nao wapate kusema.