Ultra inaanzaje? Jibu kwa mkuu wa Tabora, kutoka kwa fundi wa Kibirizi

Mkuu wa Tabora, swali lako nimeliona tangu juzi, kwamba umemaliza nusu marathoni mbili sasa unataka ultra, ukauliza unaanzaje, unakula nini, na kwa nini mtu mwenye akili zake akimbie kilomita 70 wakati mabasi yapo. Naona wadau wamekujibu kwa picha za saa na viatu vya laki nne. Mi sina hivyo vitu. Mi ni fundi wa mashine za boti hapa Kibirizi, Kigoma, umri 41, kitambi bado kipo kidogo, na nilianza kukimbia kwa sababu ya presha tu. Nitakujibu kwa niliyopitia mwenyewe, itakuwa ndefu, vuta kiti.

Kwanza ultra ni umbali wowote unaozidi zile 42.195 za marathoni, basi. Kuna za 50, kuna za 100, kuna wale wa Spartathlon kule Ugiriki wanaotoka Athens mpaka Sparta kilomita 246, hao tuwaache. Kwa huku Afrika baba lao ni Comrades ya Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, ilianza 1921, inacheza kwenye kilomita 90 na muda wa mwisho ni saa 12. Zikitimia, kuna mtu anawapa mgongo wakimbiaji ili asione nani anakuja, anafyatua bunduki juu, na hata kama ulibakiza hatua tatu imekula kwako. Mi hiyo video niliiona kwenye simu ya mteja wakati nasafisha karabureta yake, jamaa mmoja miguu imekataa anatambaa kwa magoti kuelekea mstarini, nikamwambia mteja rudisha nyuma nione tena. Karabureta nilikuja kuimaliza kesho yake.

Sasa mazoezi. Mtu ambaye hajaishi na ziwa hawezi kujua hili, dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu kwahiyo wavuvi wanapumzika. Kwa fundi maana yake ni kwamba siku za giza unaamshwa saa nane usiku fulani mashine imegoma huko majini, lakini mbalamwezi hakuna anayekupigia simu, na nje kunaonekana kama mchana. Ndo nilivyozoea kukimbia na mwezi. Ujiji na kurudi, Bangwe na kurudi, mlima wa Mwanga mara tatu nne mpaka mbwa wa pale wakanizoea. Halafu 2024 serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mfukoni iliuma aisee, sitaki kudanganya, nilibaki na boti za abiria tu na zenyewe haziharibiki kila siku. Ila mtu mwenye nguvu na hana kazi anafanya nini? Mi nikawa nakimbia.

Kipindi hicho ndo nikaanza kupita njia za miguu za kando ya ziwa kuelekea kaskazini, Kalalangabo na kuendelea mpaka Mtanga. Mkuu, ile njia usiione hivyo. Inapanda kilima mpaka unashika magoti kwa mikono, inashuka mpaka kwenye mchanga, inapanda tena, kilomita moja ya pale ni sawa na tatu za lami. Lakini ukifika juu ziwa lote liko chini yako, milima ya Kongo ng'ambo, na maji yana rangi ambayo mi sina jina lake. Gombe sikuingia, ile ni hifadhi, unalipa na unatembea na mwongozaji, na nyani wa pale ukiwapita unakimbia na ndizi mkononi hiyo ni kesi nyingine kabisa. Nilikuwa naishia Mtanga nakunywa uji narudi kwa boti, wengine wananijua hawanitozi. Huko ndo nilijifunza kitu ambacho watu wa lami hawakwambii, kwamba kilima kinatembewa. Kila kilima. Ukipanda kilima kwa kukimbia kwenye kilomita ya 10 utalipa kwenye ya 50, na riba yake ni kubwa.

Nikueleze kwa lugha ya kazi yangu. Kuna hizi mashine zinazowashwa kwa petroli, zikishapata moto unageuzia mafuta ya taa. Mwili ndo hivyo hivyo. Sukari iliyoko kwenye misuli na ini ndo petroli, tenki lake dogo, ukikimbia kwa fujo linakauka kwenye kilomita 30 na kitu na ndo pale unasikia mtu wa marathoni anasema kagonga ukuta. Mafuta ya mwilini ndo mafuta ya taa, hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha mbali sana, ila hayachomi vizuri ukivuta moto. Kwahiyo ultra sio mbio, mbio tumeweka jina tu, ni mchezo wa kwenda taratibu na kula njiani kabla njaa haijaja. Kipimo changu ni kuongea. Kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kuhema, punguza, na usione aibu, hakuna anayekuangalia.

Haya sasa safari yenyewe. Usiku wa kuamkia Jumapili 21 Julai 2024, mwezi mpevu, saa nane usiku nikaanza Kidahwe pale njia panda ya Kasulu na Uvinza. Kutoka pale mpaka Uvinza ni kilomita 76 na ushee, lami. Hakukuwa na mashindano wala namba kifuani, mimi na mdogo wangu wa bodaboda amebeba maji lita 15, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, chapati na soda ambayo tulishaitoa gesi. Masaa mawili ya kwanza nilijiona Simbu, yule mkimbiaji wetu wa marathoni. Baridi ya Julai, barabara nyeupe kwa mwezi, miombo imesimama kimya pande zote, nasikia raba zangu tu.

Saa kumi hivi nakaribia kijiji kimoja, dogo kabaki nyuma anachimba dawa, wakatoka wanaume watatu na marungu. Sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Simama hapo hapo! Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu wazee wangu, shikamooni. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi saa kumi usiku? Umeiba nini?"

Nikaonyesha mifuko, nina ndizi moja na simu. Wakauliza simu ya nani. Hapo nikaona leo nauawa na wema wangu. Dogo ndo kaja kuniokoa, kazima pikipiki, kawasalimia, kawaambia wazee huyu ni kaka yangu, ni mzima kabisa, ndo alivyo. Mzee mmoja akaniangalia miguu muda mrefu akauliza, "Kwani nauli ya Uvinza imefika bei gani?" Tukacheka wote, wakatusindikiza mpaka mwisho wa kijiji. Tangu siku hiyo nikitaka kupita sehemu usiku napiga simu kwa mwenyekiti mapema, na we fanya hivyo, usilete ujuaji.

Umeuliza kwa nini. Huku kwetu jua linachelewa, saa moja na ushee ndo linatoka, na mwezi mpevu unazama muda huo huo. Nilikuwa nimeshamaliza nusu ya njia, barabara inaelekea mashariki, nikageuka nyuma nikaona mwezi mkubwa mwekundu unashuka upande wa ziwa, nikigeuka mbele jua linachungulia kwenye miti, na mimi niko katikati natembea na kiazi mkononi. Dogo kazima pikipiki hajasema neno. Nilikaa kama dakika kumi sikumbuki deni hata moja, na mkuu nina madeni. Sijui kukueleza zaidi ya hapo, ila ndo jibu langu la kwa nini.

Baada ya hapo mambo yakaharibika, na hapa soma vizuri.

Dogo aliogopa nisije nikaanguka kwa kiu, akawa kila baada ya kilomita mbili ananiwekea chupa mdomoni, kunywa kaka, kunywa kaka, na mi nakunywa hata sina kiu. Goti likaanza kulia, nikameza diklofenaki mbili. Kufika saa tano jua limewaka, tumbo linacheza maji kama dumu, nasikia kichefuchefu, kichwa kinagonga, vidole vimevimba mpaka pete ya ndoa haizunguki. Tena tangu asubuhi nimekojoa mara moja tu. Nikajiambia hii ni kukosa maji, nikaongeza kunywa. Kilomita 20 za mwisho nilitembea kama mlevi, naongea na dogo vitu ambavyo mpaka leo ananicheka, nilimwuliza eti boti imefungwa wapi.

Tuliingia Uvinza saa nane na kitu mchana, masaa 12 na zaidi kidogo, yaani kwa saa ya Comrades bunduki ilishalia na hata umbali wao sijaufikisha. Dogo akanipeleka zahanati moja kwa moja, anapiga kelele mtundikieni dripu. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, akajaribu pete, akanibonyeza mguu, akauliza nimekunywa maji kiasi gani. Dogo kwa kujisifu akasema, "Karibu yote, lita 15, mi nimegusa kidogo tu." Mama yule akasema dripu hapati na maji asipewe tena. Akaagiza mchuzi mzito wenye chumvi, vijiko vijiko, nikakaa kwenye benchi. Baada ya saa nzima hivi nikaanza kukojoa, nikakojoa, nikakojoa, na akili ikarudi.

Mi nikasema kumbe nilikosa chumvi, na hapa niko Uvinza penyewe ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi kutoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, misafara inakuja kununua, sasa mi nakuja kuifia mlangoni. Yule mama akanikata, hukukosa chumvi baba, umeizamisha. Maji yakizidi damuni chumvi iliyopo inakuwa nyepesi na seli zinavimba, mpaka za ubongo. Na zile dawa za maumivu zinafanya figo zishikilie maji, ukichanganya na jua na mbio unazitesa kweli kweli. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata kwenye marathoni ya Boston kule Marekani mwaka 2002 walipima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 chumvi ilikuwa imeshuka, na waliokunywa kupita kiasi ndo waliongoza. Kumeza chumvi huku unaendelea kujijaza maji haisaidii. Kwahiyo kunywa ukisikia kiu, sio ukiona chupa. Diklofenaki iache nyumbani, goti likilia tembea, likizidi panda bodaboda. Na siku ukiona mkojo una rangi ya kola, usisubiri kesho, hospitali.

Kwa wewe wa Tabora nakuonea wivu, huko ni tambarare na hewa sio nzito kama huku ziwani. Kwa nusu marathoni mbili ulizonazo usikimbilie 70, tafuta miezi sita, ongeza kidogo kidogo, kila wiki safari moja ndefu na nyingine fupi kesho yake miguu ikiwa imechoka, hiyo ya pili ndo inafundisha. Shika barabara ya Sikonge alfajiri, nenda kilomita 15 rudi, mwezi ujao 20 rudi. Asali ya miombo mnayo mlangoni, koroga vijiko viwili kwenye chupa na chumvi kidogo, achana na pakiti za dukani. Na ukichoka kumbuka njia hiyo ya Tabora na Ujiji Wanyamwezi waliipita na mizigo ya kilo 30 begani, pembe na vitambaa, toka pwani zaidi ya kilomita 1,200, na hakuna aliyewawekea soda njiani. Babu zako hao.

Raba nunua mtumba zilizokuzidi kidogo, mguu unavimba. Vaselini paka kila panapokutana ngozi na ngozi, wanaume wanaelewa. Kucha zangu mbili zilitoka, zimeota tena. Wife sasa hivi hapingi, kaniambia tu nikienda tena nimletee chumvi kilo tano, maana ile siku nilirudi na nusu kilo na yenyewe aliibeba dogo.