Besi Wako Hakufia Mizanini, Alianza Kufa Saa Tatu Asubuhi

Kila kiangazi ni yale yale. Jua la saa nane mchana linachoma, foleni ya mizani ya mashindano ya uvuvi imefika gatini, kijana anafunua tangi la boti, lile la maji la kuwaweka samaki hai hadi wapimwe, na kukuta besi wawili kati ya watano, wale samaki wa ziwani tunaowashindania, wamelala ubavu. Kisha linamtoka lile neno: "Lakini sasa hivi tu walikuwa wazima!" Mdogo wangu, walikuwa wanapumua. Uzima ni jambo jingine.

Yanayofuata ni kwa ajili yenu mnaoingia mashindano ya Juni hadi Agosti huko Marekani, wakati maji ya juu ya ziwa yamepita nyuzi 27 za Selsiasi. Kanuni ya kupeleka mizanini samaki watano tu mnaijua, na fundo mnajua kufunga. Tunazungumzia tangi.

1. Lijaze kabla hujarusha chambo cha kwanza, na ulijazie kwenye maji ya wazi. Maji ya gatini yametuama na yana mafuta ya injini. Kwenye majani mengi nako alfajiri ni wakati mbaya, kwa kuwa usiku kucha mimea imekuwa ikitumia oksijeni bila kutengeneza yoyote. Jaza hadi juu kabisa. Tangi la nusu likikutana na mawimbi, samaki anapigizwa ukutani njia nzima.

2. Swichi ya pampu. Hapa wakongwe inabidi tukiri, maana kosa hili hamkulibuni nyinyi, mmelirithi kwetu. Ray Scott, mwanzilishi wa mashindano makubwa ya besi Marekani, alipoanza kudai samaki wa mashindano warudishwe ziwani wakiwa hai, mwaka 1972, wote tukaona ni jambo jema, tukawa na tangi kwenye boti, tukajiona waungwana. Kwa miaka mingi baada ya hapo tuliamini mambo mawili: kwamba maji mapya ya ziwa siku zote ndiyo maji bora, na kwamba pampu ikifanya kazi dakika moja na kupumzika tatu, betri itadumu na samaki atatosheka. Tukaweka taima, tukafunga mfuniko, tukasahau. Jioni samaki walipiga mkia, watu wakapiga makofi, wakaachiwa, tukaenda zetu nyumbani. Hakuna aliyerudi ziwani Jumanne kutazama. Waliorudi ni wanabiolojia, nao ndio waliotueleza kwamba besi aliyeondoka akiogelea anaweza kufa siku mbili, tatu, hata tano baadaye. Sisi tulikuwa tunahesabu mikia inayotikisika, mizoga hatukuiona.

Na hesabu yenyewe ilikuwa wazi siku zote, ni uvivu tu. Maji ya nyuzi 30 yakishiba oksijeni hubeba miligramu 7.5 hivi kwa lita. Tangi la lita 120 basi lina miligramu 900 tu. Chini ya miligramu 5 kwa lita besi anaanza kuteseka, chini ya 3 uko kwenye hatari ya kumuua. Maana yake akiba ya kweli, kutoka 7.5 hadi 5, ni miligramu 300, na hiyo wanagawana samaki watano wakubwa waliotoka kupigana na ndoana. Hao huimaliza kwa dakika, hawangoji saa. Halafu sisi tunazima pampu kila baada ya dakika moja.

Maji mapya nayo? Saa saba mchana unavuta maji ya nyuzi 31 ya juu ya ziwa na kummwagia samaki ambaye mahitaji yake ya oksijeni huwa karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Tena boti ikishika kasi, tundu la kuvutia maji chini ya boti halipati maji, pampu inavuta hewa na kubaki inanguruma bure. Ukisimama, hewa ile inaweza kuwa bado imekwama kwenye bomba. Kusikia pampu si kuona maji: funua mfuniko utazame.

Kwa hiyo: jaza asubuhi, funga njia ya kutolea maji, weka pampu ya kuzungusha maji yale yale, na isizime hadi mizanini. Taima isahau kiangazi chote. Kila baada ya saa mbili au tatu badilisha nusu ya maji, kwa sababu amonia na kaboni dioksidi hujilimbikiza, na hizo pampu haiziondoi zote. Mwenye wasiwasi wa betri ajue kuwa pampu ya kawaida hula ampea 2 hadi 4. Kwa muda wa saa nane ni ampea-saa 16 hadi 32. Ukiwa na betri ya ampea-saa 100 iliyochajiwa vizuri, kisingizio hakipo.

3. Barafu. Wengine hawabebi kabisa, wengine humwaga mfuko mzima kama wanapoza soda. Kanuni ya kukariri: kilo moja ya barafu hushusha lita 100 za maji kwa takriban nyuzi moja. Lengo lako ni nyuzi 3 hadi 4 chini ya joto la ziwa, usizidishe. Ziwa likiwa 29, tangi liwe 25 au 26. Kwa lita 120 hiyo ni kilo 4 hadi 5 za kuanzia, kisha nusu yake kila ubadilishapo nusu ya maji, na nyongeza kidogo kwa ajili ya jua linalopiga mfuniko. Mfuko wa kilo 10 kwa mkupuo ni kushuka nyuzi karibu 9, na samaki huyo ukimrudisha ziwani unamtoa kwenye baridi na kumtia kwenye beseni la moto.

Gandisha maji nyumbani kwenye chupa za lita 2, ukiacha nafasi juu zisipasuke. Barafu ikibaki ndani ya chupa, klorini ya maji ya bomba haifiki kwenye matamvua. Na nunua kipimajoto, ukining'inize ndani ya tangi. Kidole chako kimeshakuwa kwenye jua tangu asubuhi, hakijui kitu.

4. Chumvi isiyo na madini joto, gramu 3 kwa lita, yaani gramu 360 kwa tangi la lita 120. Damu ya besi ina chumvi kuliko maji ya ziwa, na akishachoka chumvi hiyo humvuja. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, na ukibadilisha nusu ya maji, rudisha gramu 180.

5. Samaki wa kina. Besi aliyetoka mita 8 au zaidi huweza kupanda na kibofu cha hewa kilichovimba. Kama amesimama wima, mwache, hata kama anahangaika kidogo. Kama baada ya kutulia bado anaelea ubavu, kwanza hakikisha kanuni za mahali hapo na za mashindano zinaruhusu sindano ya kumtoa hewa, kisha tumia ya geji 18 yenye urefu wa sentimita 4 hivi. Mlaze chini ya maji. Chora kwa macho mstari kutoka mwanya ulio kati ya mapezi mawili ya mgongoni hadi tundu la haja. Sehemu ya kuchoma iko kwenye mstari huo, magamba matatu au manne chini ya mstari wa ubavuni. Pitisha sindano chini ya gamba, usilitoboe. Mapovu yakitoka umefika. Anapoanza kujiweka sawa, chomoa. Wanaoanza hukamua hewa yote, kisha samaki anazama chini kama jiwe na kushindwa kupanda. Mkono ukitetemeka, acha sindano: vibanio vyenye uzito kwenye mapezi ya tumboni vitamsimamisha mpaka mizanini.

6. Mkono mkavu na zulia la boti vinamvua samaki ute wake. Lowesha mikono. Mkubwa usimning'inize kwa taya ukimlaza mlalo, mpe mkono wa pili tumboni.

7. Mfuko wa mizani. Hapa ndipo kazi ya saa nane inapotupwa. Samaki watano kwenye lita chache za maji wana dakika mbili, na nyinyi mnazitumia kumsimulia jirani wa foleni jinsi yule mkubwa alivyomeza chambo pembeni ya gogo. Hadithi ni nzuri, tunaipenda, isimulie baadaye. Usitie samaki mfukoni mpaka uitwe. Jaza mfuko kwa maji ya tangi lako, usichote pale ukingoni penye tope la moto. Penye matangi ya maji yanayopuliziwa hewa kwenye foleni, zamisha mfuko wenye matundu humo na usiuinue mpaka zamu yako. Mashindano mengi hukata wakia 4 kwa kila samaki mfu, na kuna watu hushindwa kwa wakia moja.

Baada ya mizani, samaki waende kwenye boti ya kuwarudisha na waachiwe penye kina na maji ya baridi kidogo. Ukingoni chini ya jukwaa, maji ni ya moto kuliko yote ya siku nzima.

Kisha mwaga maji ya tangi pale pale ziwani, suuza, na uache mfuniko wazi likauke. Usibebe maji hayo kwenda ziwa jingine. Virusi vya besi wa mdomo mkubwa, vilivyohusishwa na vifo vya samaki huko Santee Cooper, South Carolina, mwaka 1995, hukaa ndani ya maji, na tangi lenye unyevu ni lifti ya bure.