Kabla hujanunua tairodi endi, tafuta kwanza kinachocheza

Lori lililonifundisha kazi hii lilikuwa linakula tairi za mbele ukingo wa ndani, na dereva alilalamika kwamba usukani unatangatanga hata barabara ikiwa imenyooka. Nilikagua tairodi, yaani bomba linalounganisha magurudumu mawili ya mbele, nikakuta endi moja (kiungo cha ncha yake, chenye boli ya mviringo ndani) imelegea, nikabadilisha zote mbili, nikapima mwelekeo wa tairi na kumkabidhi gari lake. Wiki chache baadaye akarudi, tairi mpya zimeanza kuliwa palepale. Endi zilikuwa zimechoka kweli, lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye kingipini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia. Sikuzigusa kwa sababu nilikuwa nimeshapata cha kulaumu. Tangu siku ile sifungui nati hata moja kabla sijajua kila kinachocheza kwenye ekseli ya mbele.

Ukaguzi wa kwanza unafanyika lori likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake wote. Zuia tairi za nyuma, washa injini kama stelingi (usukani) inasaidiwa na pampu, kisha mwenzako auchezeshe usukani kidogo kulia na kushoto, aishie pale tairi zinapotaka kuanza kugeuka. Wewe uko chini, unafuata nguvu inavyosafiri: boksi ya stelingi na bolti zinazoishikilia kwenye chesisi, mkono unaotoka kwenye boksi, draglinki (fimbo inayopeleka nguvu ya mkono huo kwenye gurudumu), halafu tairodi na endi zake. Weka kiganja juu ya kila kiungo, kwa maana mkono huhisi mlegeo mapema kuliko jicho. Bomba la tairodi kujiviringisha kidogo ni kawaida. Kibaya ni boli kupanda na kushuka ndani ya kikombe chake, au bomba kusogea kabla mkono wa gurudumu haujasogea. Wapo wanaobana endi kwa plaizi kubwa ili kuipima. Usifanye hivyo: endi nyingi zina springi ndani, kwa hiyo ukiibana hata iliyo nzima itaonekana imekwisha.

Ukaguzi wa pili ndio nilioukosa siku ile. Piga jeki chini ya ekseli yenyewe, weka stendi, tairi iwe hewani. Sukuma na kuvuta tairi juu na chini. Ikicheza, usiseme lolote bado. Mwambie mwenzako akanyage breki na aishikilie, kisha rudia. Mlegeo ukipotea, ulikuwa wa beringi za habu (kitovu cha gurudumu), kwa sababu breki imeifunga habu na stabu ekseli, kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka kwenye kingipini, kuwa kitu kimoja. Ukibaki, ni kingipini au bushi zake, yaani mirija midogo inayoizunguka pini. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote cha kupimia, na bado naona watu wakibadilisha kingipini nzima wakati beringi ilihitaji kukazwa tu. Ukiwa na dayali geji (saa ya kupimia mlegeo mdogo), pima bushi ya juu na ya chini kila moja peke yake, kisha linganisha na kipimo cha mtengenezaji wa ekseli.

Baada ya hapo chomeka mtaimbo chini ya tairi, inua, na utazame nafasi kati ya ekseli na stabu ekseli. Hapo ndipo ilipo beringi ya chini inayobeba uzito wote wa upande ule. Ikisagika, usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Dereva akikuambia hivyo, usikimbilie pampu.

Sasa kufungua. Kingipini inashikiliwa na kabari, na kabari ikikaa miaka mingi inashika kutu. Mimi humwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikaanza kazi asubuhi, na pini ikigoma natumia presi. Moto wa gesi siusogezi kwenye ekseli hata nikiwa na haraka. Chuma kile kimepikwa kiwandani ili kiwe na nguvu, na ukikichoma unaiondoa nguvu hiyo bila kuona dalili yoyote kwa nje. Pini ikishatoka, safisha tundu la ekseli na uingize pini mpya ikiwa kavu. Ikitikisika humo, ekseli ndiyo imeliwa, na bushi mpya hazitakusaidia.

Bushi ndizo nataka uzielewe vizuri. Nilipolifungua lile lori nilikuta sehemu ya chini ya pini kavu kabisa, yenye rangi ya kutu, ingawa grisi nipo yake, chuchu ya kuingizia grisi, ilikuwa imejaa grisi mpya. Aliyeweka bushi kabla yangu hakulinganisha tundu lake na tundu la nipo. Dereva alikuwa akipaka grisi kwa uaminifu, na hata tone moja halikufika kwenye pini. Kabla ya kubonyeza bushi, weka alama mahali tundu lilipo, na ukimaliza pitisha waya mwembamba kwenye njia ya nipo hadi utokee ndani. Bushi za shaba zinahitaji rima, kifaa cha kusawazisha tundu hadi kipimo, na iwe ndefu, inayopita juu na chini kwa mstari mmoja. Ukizipiga rima kila moja kivyake zitapishana na pini itabana. Pini iingie kwa mkono, izunguke, isitikisike. Beringi ya chini iwe mpya na uso wake wenye sili ukae kama mtengenezaji alivyoonyesha. Nafasi inayobaki juu uijaze kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma. Fanya pande zote mbili, hata kama mmoja unaonekana mzima.

Kwenye tairodi hesabu mizunguko unapofungua endi ya zamani, na ile mpya iingie hadi nyuzi zake zipite mpasuko wa bomba chini ya klampu. Nati ya boli ikishafikia kipimo na tundu la spliti pini (pini inayozuia nati isifunguke) halijalingana, kaza mbele kidogo. Usilegeze kurudi nyuma. Bomba lililopinda badilisha. Ile mikono miwili ya magurudumu inayoelekea ndani haijapinda, imeundwa hivyo ili tairi ya ndani ya kona igeuke zaidi ya ya nje. Mpango huo ulipewa hataza Uingereza mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, na malori bado yanautumia.

Paka grisi tairi ikiwa hewani, kisha tena ikiwa chini, hadi uone ya zamani inatoka. Upimaji wa tairi uwe wa mwisho, baada ya kila kilicholegea kukazwa. Lori likishatembea siku chache na mzigo, liite tena ukague nati za kabari na klampu za tairodi.