Je, kapasita za karatasi na mafuta zitaondoa besi inayovimba?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejiundia amplifaya ya valvu kwa kufuata mchoro wa Fender Deluxe 5E3. Sauti ikiwa ndogo ni tamu, lakini nikifungua volyumu kupita nusu, hasa nikitumia gitaa langu lenye pikapu za koili mbili, nyuzi nene zinakoroga. Besi inavimba na noti kama inakwama kabla ya kutoka. Mwenzangu ananiambia ning'oe kapasita zote za plastiki niweke za karatasi na mafuta, kama za zamani. Seti nzima ni ghali kuliko transfoma ya kutolea sauti. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Ugonjwa wa amplifaya yako uko kwenye kapasita kweli, ila si kwa sababu ya kitu zilichotengenezwa nacho. Ni ukubwa wake na mahali zilipokaa.

Mchoro wa 5E3 ulianza kutumika 1955. Pikapu za koili mbili za Gibson zilikuja kuingia kwenye magitaa 1957, na zina nguvu zaidi ya zile za koili moja ambazo wapigaji wengi walikuwa nazo. Kwa hiyo unaisukuma saketi hii kwa nguvu ambayo haikupimiwa.

Kapasita inayokaa kati ya valvu moja na nyingine inazuia volti kubwa za anodi (bamba linakotokea wimbi lililokuzwa) zisiingie kwenye gridi inayofuata (waya wa ndani ya valvu unaopokea wimbi na kuitawala valvu), huku ikipitisha mawimbi ya gitaa. Ikiungana na resista ya gridi inakuwa chujio la besi. Uzi wa chini kabisa wa gitaa, E, unatikisika mara 82 kwa sekunde. Kapasita yako ya 0.1 mikrofaradi baada ya valvu ya kwanza, ikikutana na kitufe cha volyumu cha megaomu 1, inapunguza tu sauti zilizo chini ya hezi 1.6 (yaani mitikisiko 1.6 kwa sekunde). Hapo haichuji chochote cha maana. Ukiweka 0.022 unafika hezi 7, bado mbali sana. Kwa 0.0047 unafika 34, na kwa 0.0022 unafika 72, na hapo ndipo sikio linaanza kusikia besi imepungua.

Lakini ile noti inayokwama ina chanzo chake, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Ukipiga kwa nguvu, gridi ya 6V6, ile valvu ya nguvu inayosukuma spika, inapanda volti juu ya kathodi yake (sehemu inayotoa elektroni) na kuanza kuvuta mkondo. Mkondo huo unaijaza kapasita haraka sana. Wimbi likishuka, chaji iliyojaa inaisukuma gridi upande wa hasi na valvu inajifunga. Chaji haina njia ya kutokea ila kupitia resista ya gridi ya kiloomu 220, tena polepole. Zidisha 0.1 mikrofaradi kwa kiloomu 220: unapata milisekunde 22. Wimbi moja la uzi wa E huchukua milisekunde 12. Maana yake valvu haijapumua, na wimbi jingine limeshafika. Ndiyo ile sauti ya kukwama. Ukiweka 0.022 muda unashuka hadi milisekunde 5 hivi.

Basi anzia hapo: toa zile kapasita mbili zinazoingia kwenye gridi za 6V6, weka 0.022 za plastiki zenye uwezo wa volti 630. Funga, piga, sikiliza. Kama bado ni nzito, shuka hadi 0.0047 baada ya valvu ya kwanza, kwenye chaneli unayotumia. Mwisho kabisa gusa kapasita ya 25 mikrofaradi kwenye kathodi ya hatua ya pili ya kukuza sauti, weka 1 au 0.68. Marshall walitumia 0.68 pamoja na resista ya kiloomu 2.7 kwenye chaneli kali ya Super Lead, na ule ukali unaoujua unatoka hapo kwa sehemu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa umeme, kisha toa chaji ya kapasita kubwa kwa resista ya kiloomu 10, wati 5, kutoka upande wa chanya hadi kwenye chesi (boksi la chuma la amplifaya). Ishikilie sekunde kadhaa, kisha hakikisha kwa multimita. Mle ndani kuna zaidi ya volti 350, na zinabaki hata amplifaya ikiwa imezimwa. Zinaua.

Kuhusu mafuta na karatasi: mimi nimezibadilisha huku na huku kwenye meza yangu, na kila nilipopima zikawa na thamani sawa, sikio langu halikuzitofautisha. Kapasita iliyoandikwa 0.1 inaweza kusoma 0.12 au 0.09, na watu huipa plastiki au mafuta sifa ya tofauti hiyo. Za karatasi za zamani zina hatari moja ya kweli: zinavujisha volti. Washa amplifaya bila kupiga gitaa, pima gridi za 6V6. Lazima zisome sifuri. Zikisoma volti chanya kadhaa, kapasita inavuja, na 6V6 itaanza kuwaka nyekundu kwenye anodi.

Huenda pia utaambiwa uongeze kapasita kubwa za kuchujia umeme, zile za 16 mikrofaradi, ili besi ikaze. Ya kwanza baada ya valvu ya 5Y3, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, usiipitishe 22. Valvu hiyo ni dhaifu, na kapasita kubwa huivutia mkondo mkali kila inapojaa. Ukishafanya yote haya na bado unataka besi iliyokaza zaidi, pesa ya zile kapasita za mafuta ipeleke kwenye spika ya inchi 12 yenye sumaku nzito. Hiyo utaisikia tangu noti ya kwanza.